Pumzi za Doña Cuca

Jina lake la ubatizo ni Refugio Zaldívar, lakini kwetu mtu akiitwa Refugio basi ataitwa Cuca mpaka kaburini, na kwa umri wake na heshima yake sote tulimwita Doña Cuca. Anakaa chumba cha pili kutoka langoni, hapa uani kwetu Portales, katika Jiji la Mexico, mlango unaotazamana na makaro ya kufulia. Nilipohamia hapa na mume wangu Fermín, mimba yangu ikiwa kubwa, nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa nafua. Sauti ikatoka dirishani nyuma yangu: "Mwanangu, hiyo sabuni unaimaliza bure. Karo hilo maji yake hayatoi povu, nenda la pembeni."

Niligeuka kwa kushtuka, maana sauti ile niliijua. Niliijua tangu utotoni, nyumbani kwa bibi yangu, mbele ya televisheni yenye mistari. Sikujua tu kwamba ilikuwa na mwili, na kwamba mwili huo unavaa aproni ya maua na soksi nzito za sufu.

Kazi yake ilikuwa kuwatia Kihispania watu wa kwenye filamu za nje. Mwanamke wa kule anafungua mdomo na kusema kwa lugha yake, na Doña Cuca, amesimama gizani studio na hedifoni masikioni, anasema juu yake kwa lugha yetu, mdomo kwa mdomo, mpaka ukitazama unaamini mwanamke yule amezaliwa mtaa wa pili. Amewahi kuwa mtawa, mke wa jambazi, sungura wa katuni, malkia mwenye kifua kikuu. Lakini hakuna anayemkumbuka kwa hao. Wanamkumbuka kwa Dira.

Dira ilikuwa kompyuta ya chombo cha anga katika kipindi kilichoitwa Nuru ya Saba. Haikuwa na sura, ilikuwa taa ndogo ya buluu ukutani, basi. Nahodha akiuliza tuko wapi, Dira inamjibu. Akiuliza nani yuko nje, Dira inamwambia. Na kila hatari ilipokaribia, ilisema maneno ambayo mtu yeyote wa rika langu au la mama yangu anayajua kama Baba Yetu: "Mlango umefungwa, Nahodha." Ukisikia hivyo ulilala salama.

Chayo, anayeuza tortilla, zile chapati za mahindi, hapo langoni, hakumwacha apumzike.

"Doña Cuca, nifungie mlango, nzi wanaingia!"

"Nani, mimi? Mimi nimestaafu."

"Aa, usiringe bwana! Foleni yote inakungoja."

Naye anaweka kikapu chini, ananyoosha shingo, anasema: "Mlango umefungwa, Nahodha." Foleni inacheka, mtoto mmoja analia, na Chayo anamwongezea tortilla mbili juu. Nilikuwa nikimtazama akirudi na kikapu chake. Alikuwa akitembea kama mtu aliyetoka kupiga picha ya harusi.

Siri ya ile sauti alinieleza mwenyewe, jioni moja tukichambua maharage. Alipopewa Dira alikuwa msichana. Mwongozaji wa wakati ule, mzee mkali, alimsimamisha na kumwambia: "Binti, mtu anapumua. Mashine haipumui. Nikisikia pumzi yako hata moja, nafasi hii nampa mwingine." Basi alijifunza kuvuta hewa kabla taa nyekundu haijawaka, aifungie tumboni, na kusema sentensi yote mpaka mwisho bila kuvuta tena. Zile chache zilizoponyoka fundi alizikata kwa wembe kwenye utepe.

"Alikuwa akizitupa chini," alisema Doña Cuca. "Pumzi zangu zilijaa sakafuni kama kucha. Tena zangu zilijulikana, kwa sababu ya hii." Akagonga pua yake. Alianguka kwenye ngazi za kanisa akiwa mdogo, pua ikavunjika, na tangu hapo akivuta hewa kuna kifilimbi kidogo sana ndani, kama birika linalofikiria kuchemka. Mimi nilikuwa nakisikia kila siku. Nilikisikia hata kanisani siku alipomshika mtoto wangu Maite juu ya maji ya ubatizo, maana yeye ndiye mama yake wa ubatizo. Padri anasoma, na mimi nasikia kile kifilimbi juu ya kichwa cha mwanangu, nikaona hapa mtoto wangu ameshikwa na mtu hai.

Halafu zikaja simu zinazosema.

Ile ya kwanza ya Fermín ilimchekesha sana. Alikuja chumbani kwetu, akaketi, akaishika mbali na uso kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho.

"Fungua mlango," aliiambia.

"Samahani, siwezi kufanya hivyo," ikajibu simu.

"Unaona? Dira angefungua." Akaigeuza simu akitafuta mdomo wake. "Niambie, tuko wapi?"

Ikamtajia mtaa, namba, na duka la viatu lililofungwa zamani.

"Hee! Hilo inajua. Fermín, unajua waandishi wetu walisema mambo haya yatakuja baada ya miaka mia tatu? Tulidhani tunadanganya watoto."

"Sasa imefikia Dira au bado?" akauliza Fermín.

"Bado. Sikiliza inavyosema. Neno hapa, neno kule, kama mtu anayeshusha matofali. Haina njaa ya kumaliza sentensi." Akacheka. "Mashine bado inaigiza mashine vibaya kuliko mimi."

Tulicheka sote. Maite alikuwa anatambaa.

Kabla Maite hajatimiza miaka miwili, simu ikabadilika. Fermín aliweka kitu kipya humo, akili bandia wanaiita, unaongea nayo kama unavyoongea na jirani. Siku hiyo Doña Cuca alikuja kuomba chumvi, akakuta Fermín anaiuliza habari za gurudumu la lori, maana kazi yake ni kuziba matairi. Aliuliza swali gumu kidogo. Simu ikanyamaza nukta moja. Kisha, kabla ya kujibu, ikavuta pumzi.

Doña Cuca alisimama na chumvi mkononi.

"Iulize tena."

Fermín akauliza jambo lingine. Ikavuta pumzi tena, pumzi ya mtu anayefikiri, kisha ikasema, "Mmm, hilo ni swali zuri."

"Imevuta hewa," alisema Doña Cuca.

"Ndiyo, wameiweka iwe kama mtu," akasema Fermín. "Nzuri, sivyo?"

"Hewa hiyo inaipeleka wapi? Kifua kiko wapi?"

Fermín akacheka akidhani ni mzaha. Mimi niliuona mkono wa Doña Cuca. Chumvi ilikuwa inamwagika kidogo kidogo kwenye sakafu yangu naye hajui.

Miaka hiyo studio zilikuwa zimepunguza kuwaita waigizaji wa sauti kama yeye. Filamu ndogo, matangazo, vipindi vya mapishi, vyote vilianza kusemwa na mashine. Mara ya kwanza kampuni moja ilipokuja kuwaomba waigizaji wasome sentensi nyingi ili mashine ijifunze, walikataa. Waliandamana. Doña Cuca naye alikwenda, na bango aliloandikiwa na Chayo: SAUTI YANGU SI YA KUAZIMA. Alirudi amechomwa na jua, furaha tele, miguu imevimba.

"Maneno yangu hawayapati," alisema, miguu ikiwa kwenye beseni. "Hata moja."

Kisha mchana mmoja simu yake ikalia, naye akanijia mlangoni akiwa na kiatu kimoja. Aliyepiga ni Evaristo, mwongozaji, rafiki yake wa siku nyingi. Nuru ya Saba inarudi. Wameitengeneza upya huko nje, na chombo kile kile, nahodha yule yule sasa mzee. Na Dira ipo. Kampuni imekubali Doña Cuca aje kujaribiwa.

"Kujaribiwa?" nilisema. "Wewe? Si ni yako?"

"Mwanangu, siku hizi hata Mtakatifu Petro angejaribiwa." Alikuwa anacheka na kulia. "Nikiipata hii, nitakufa nimesema neno langu la mwisho mimi mwenyewe. Nisipoipata, basi nimeshalisema zamani wala sikujua kama lilikuwa la mwisho."

Hilo ndilo alilolitaka. Nimeshamwona mtu akitaka nyumba na mtu akitaka mume, lakini sijamwona mtu akitaka kitu kama alivyoitaka taa ile ya buluu.

Karatasi za maneno zikaletwa, na hakuweza kuzisoma. Miadi ya kupasuliwa macho hospitali ya serikali ilikuwa mbali. Basi mimi ndiye niliyemsomea, jikoni kwake, kwa kidole chini ya mstari, maana mimi shule yangu iliishia msingi na maneno marefu hunisumbua. Ninasoma, yeye anarudia, mpaka yamekaa kichwani. Alikunywa chai ya maua ya bugambilia na asali, ya kulainisha koo, asubuhi na jioni. Aliacha pilipili. Anaweka kiganja tumboni, anavuta hewa, kile kifilimbi, kisha kimya, kisha Dira anaongea mpaka mwisho wa mstari bila ufa hata mmoja. Maite aliacha vitu vyake vya kuchezea akamtazama mdomo.

"Kidogo kimepungua," alikuwa akisema. "Kifua kimezeeka. Lakini bado kinashika, eti?"

"Kinashika, Doña Cuca."

"Usinipake mafuta."

"Kinashika. Mimi hapa nimekaa ndiye nimeishiwa pumzi."

Siku ya majaribio nilimwacha Maite kwa Chayo, nikamshika Doña Cuca mkono mpaka studio. Alivaa koti lake la buluu. Evaristo alitupokea mlangoni, mwanaume mrefu aliyeinama, akambusu shavuni, lakini nikaona hakumtazama sawasawa. Ndani kulikuwa na dada mmoja wa kampuni, Renata, kijana, mpole, ana daftari la kioo mapajani. Akaniletea kiti mwenyewe. Nasema hili kwa sababu baadaye watu wa uani walitaka kusikia kwamba alikuwa shetani, na hakuwa.

Doña Cuca akaingia kwenye chumba cha kioo. Taa nyekundu ikawaka. Na akasema. Jamani, alisema! Mistari yote kwa kichwa, ikakaa juu ya picha bila kupungua wala kuzidi. Fundi wa mitambo, mwanaume mwenye ndevu za kijivu, alivua kofia.

Evaristo alifuta macho. "Cuca, hujazeeka hata siku moja."

"Mwongo mkubwa," ikajibu sauti ya ndani ya kioo.

Renata alisubiri kidogo. Kisha akabonyeza kitufe ili asikike kule ndani. "Bibi Refugio, ni nzuri sana. Nimekua nayo hiyo sauti. Ila... nisemeje. Inasikika kama mashine."

Kule ndani akaisogeza hedifoni sikioni.

"Ni mashine, mwanangu," akasema Doña Cuca.

"Ndiyo, lakini watu wa leo wanaishi nazo. Wanajua zinavyosema. Ikisema hivyo, bila pumzi, wataona ni ya zamani. Watacheka. Tunataka Dira apumue."

"Apumue."

"Kama zinavyopumua."

Niliwaza: huyu mama ameambiwa maisha yake yote aige mashine, sasa anaambiwa aige mashine iliyomwiga mtu. Si mahali pangu kusema.

"Nitakuwekea mfano," akasema Renata, "usikie tu ladha yake. Tulitengeneza wa majaribio."

Akabonyeza. Katika chumba chote ikaja pumzi moja, halafu sauti changa, laini, ya mwanamke asiyekuwapo: "Mlango umefungwa, Nahodha."

Mimi sijui mambo ya mitambo. Lakini nimekaa na Doña Cuca kando ya jiko nikichambua maharage, nimelala naye chumba kimoja siku Maite alipokuwa na homa. Ile pumzi ilikuwa na kifilimbi.

Nilimtazama kupitia kioo. Alikuwa ameshika hedifoni kwa mikono yote miwili.

"Rudia," alisema.

Renata akarudia.

"Rudia tena. Pale kabla ya neno."

Pumzi. Kifilimbi. Birika linalofikiria kuchemka.

"Hiyo ni pua yangu," alisema Doña Cuca.

"Samahani?"

"Sauti si yangu. Maneno si yangu. Lakini aliyevuta hewa hapo ni mimi. Evaristo, mwambie. Wewe umeisikia pua hii ujana wako wote."

Evaristo aliinamisha kichwa. Yule fundi mwenye ndevu alikuwa ameshajua. Alikuwa anatazama ukuta.

Nikaielewa habari yenyewe vipande vipande, pale na baadaye. Waigizaji hawa wana desturi yao. Kazi ikiisha, kabla hujavua hedifoni, unamwachia fundi ishara kidogo. Ishara ndizo sauti zisizo maneno: kuhema, kushtuka, kuguna, kucheka, kupiga miayo, kulia kwa mbali. Fundi anaziweka akiba, na siku akihitaji umati wa sokoni au wagonjwa wa hospitali katika filamu, anazo. Hakuna anayezidai. Ni adabu, kama kuosha kikombe ulichonywea. Anayekataa kuacha ishara huonwa bahili, na mafundi hawamsahau.

Sasa, majuma machache baada ya yale maandamano, studio moja ndogo ilimwita Doña Cuca, fundi kijana, mpole, akamwomba ishara za akiba. Nyingi kidogo, mama, alimwambia, kwa sababu akiba yetu imeharibika. Naye alikaa mchana kutwa, na siku ya pili tena, akimpa. Pumzi ya anayefikiri. Pumzi ya anayesita. Pumzi ya kabla ya habari mbaya. Pumzi ya anayetaka kucheka akajizuia. "Mmm" ya kila namna. Alirudi nyumbani siku ile ametulia, akaniambia mafundi wa sasa hawana haraka, wanasikiliza kweli. Bango lake bado lilikuwa limeegemea ukuta.

Wenzake wengi walifanya vivyo hivyo. Watu wengine wangestuka wakiombwa kupumua kwenye mashine siku mbili. Wao hawakustuka. Walilinda maneno kama mayai, na pumzi wakazigawa, kwa sababu maisha yao yote pumzi ilikuwa ile inayokatwa na kutupwa.

Renata alisema, taratibu, kwamba mashine hujifunza kwa watu wengi, maelfu, haiwezekani kusema hiki ni cha nani. Aliposema hivyo uso wake haukuwa na amani. "Sijui ilikotoka, Bibi. Kweli sijui. Mimi huletewa ikiwa tayari."

"Najua hujui," akasema Doña Cuca. Kisha akavua hedifoni, akaitazama, akaivaa tena. "Haya. Mnataka apumue. Nitapumua. Washa taa."

Evaristo akasema, "Cuca, tunaweza kuja kesho."

"Washa taa, Evaristo."

Aliitaka kazi bado. Hilo ndilo lililonichoma. Baada ya kusikia aliyoyasikia, bado aliitaka.

Taa ikawaka. Akaweka kiganja tumboni, na Dira akaanza, na kifua kikafunga. Hakuna pumzi iliyotoka. Mistari mizima, safi, mikavu, kama zamani.

"Naomba tena," alisema.

Tena ikawa vile vile. Alijaribu kuvuta hewa katikati ya sentensi, ikaingia vibaya, akakohoa. Alijaribu akiwa amekaa. Alijaribu kwa kufumba macho. Akisema kwa sauti yake mwenyewe, ya kuomba chumvi, alipumua kama sisi sote. Akigusa tu sauti ya Dira, mwili ulikumbuka yule mzee mkali na wembe wa fundi, mlango wa ndani ukajifunga. Mara ya mwisho nilisikia kitu kama kwikwi. Renata alikuwa ameacha kuandika.

"Inatosha, dada yangu," akasema Evaristo.

Nilimshika Doña Cuca mkono tena, tukarudi. Pale kwenye kona ya duka la dawa alisimama na kuniuliza, "Umesikia jinsi ilivyovuta ile ya kwanza? Kabla ya 'mlango'?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni ile ya habari mbaya. Niliifanya vizuri sana siku ile. Kijana alinisifu."

Evaristo alipiga simu kabla juma halijaisha. Kampuni imeamua Dira isemwe na mashine. Walisema ndiyo haki yake. Kompyuta icheze kompyuta, nani wa kulalamika? Kwa nahodha na wengine wote wamechukua watu, kwa hiyo hata chama cha waigizaji hakikuwa na cha kushika. Evaristo aliomba radhi mpaka Doña Cuca akawa yeye ndiye anayembembeleza.

Fermín alikasirika kuliko wote. "Washtaki! Kuna sheria!"

"Nikawaambie nini, Fermín? Kwamba nimeibiwa hewa?"

"Ndiyo!"

"Nilimpa kwa kinywa changu mwenyewe. Tena nilimuuliza kama anataka zaidi."

Fermín alikwenda akaifuta ile akili bandia kwenye simu, mbele yake, kwa hasira. Doña Cuca alimshukuru. Baada ya siku chache nilimkuta Fermín ameirudisha, kwa ajili ya kazi. Mteja wa malori alikuwa anamwandikia kwa Kiingereza. Sikumlaumu. Nilimwomba tu aiongeleshe nje, barabarani. Lakini kila mtu hapa uani anayo. Jioni zinasikika madirishani, na siku hizi nazo zina kile kifilimbi: pumzi, kisha jibu. Pumzi, kisha jibu. Maite zamani alikuwa akisikia kile kifilimbi anakimbilia mlango wa mama yake wa ubatizo. Siku moja nilimwona anasimama katikati ya ua, anageuka huku, anageuka kule, hajui akimbilie dirisha lipi. Akaketi chini akaanza kulia. Nilimbeba haraka, lakini Doña Cuca alikuwa mlangoni kwake, na ingawa macho yake ni mabovu, hilo aliliona.

Tangu hapo akawa anasema maneno machache. Hakununa. Anasalimia, anauliza hali ya mtoto. Ila sentensi zake zilikuwa fupi, na anazimaliza kwa kichwa au kwa mkono. Nilimuuliza kama koo linamuuma. Akasema haliumi. Nikamwambia basi Doña Cuca tuongee, unanitisha. Akanishika shavu. "Nikivuta hewa nasikia kama namwigiza mtu," alisema.

Nuru ya Saba ilianza kuonyeshwa Jumapili moja, mchana, baada ya misa. Hatukuwa tumewaambia watu. Yeye aliniomba nisiseme, nami nilimwambia Fermín afunge mdomo. Kumbe Chayo na wenzake walikuwa wamejipanga kivyao. Walitoa televisheni uani, wakapanga viti, wakafunga maturubai dhidi ya jua, wakapika. Chayo mwenyewe alikwenda kumgongea.

"Doña Cuca, toka! Leo ni siku yako!"

Nilikimbia nimzuie. Nilichelewa. Alikuwa ameshafungua, na nyuma ya Chayo wamejaa watu wote wa ua, watoto wamepakwa mafuta, wazee na kofia zao za misa, wote wamegeuza nyuso kwake. Alisimama akawatazama kivuli kivuli. Nadhani angeweza kusema pale. Nilimwona anafungua mdomo. Kisha Chayo akamshika kiwiko, akamvuta kwa upendo mpaka kiti cha mbele, naye akaenda.

Nilikaa karibu naye. Kipindi kikaanza. Nahodha amezeeka, nywele nyeupe, anaingia chomboni kwenye giza, anaita: "Dira? Bado upo?"

Taa ya buluu ikawaka. Pumzi ikasikika ua mzima, yenye kile kifilimbi chake.

"Nipo, Nahodha. Nimekusubiri."

Watu walilipuka. Makofi, miluzi, Chayo anajipangusa macho na aproni. "Mnamsikia? Mnamsikia Cuca wetu?" Mzee mmoja wa chumba cha juu alisimama akavua kofia. Mwanamke nyuma yangu akamwinamia Doña Cuca sikioni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, nikuambie ukweli? Umekuwa bora kuliko zamani. Zamani ulikuwa kama chuma. Sasa mtu anakusikia roho."

Nilianza kusimama. Doña Cuca alinikamata kifundo cha mkono, akanikalisha, kwa nguvu nisiyojua kama anayo.

"Waache," alisema, polepole, nisikie mimi tu.

Kisha akageuza uso kwa yule mwanamke. "Asante, mwanangu," akasema. "Nimejitahidi."

Wakampigia makofi tena. Chayo akamletea sahani ya wali wa maziwa, mdalasini juu, ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, akampa na kijiko mkononi. Kila Dira aliposema, watu waligeuka wakamtazama yeye badala ya televisheni, wanatabasamu, naye anaitikia kwa kichwa. Alikula ule wali wote, kijiko kwa kijiko, mpaka sahani ikawa tupu, na wakamuuliza kama aongezewe, akasema ndiyo.